Kabari Tuliyokatazwa

Barua ilinikuta barazani kwangu hapa mtaa wa Mtanda, Lindi, imeletwa na kijana wa shule ambaye hakujua alichobeba. Ilitoka Marekani ikaenda shuleni, na mwalimu mkuu wa sasa, mtu aliyezaliwa miaka mingi baada ya mambo yale, akaulizia mjini ni nani aliyebaki wa darasa letu, akatajiwa mimi. Aliyeandika ni mwanamke aitwaye Ruthi, binti wa Mwalimu Tobi. Alisema baba yake amefariki, na katika makaratasi yake wamekuta ukurasa wa daftari wenye majina ishirini na mawili ya vijana, kumi na moja upande huu na kumi na moja upande ule, jina moja likiwa limezungushiwa wino. Alisema baba yake hakuutazama mpira wa kwao maisha yake yote. Ukiwashwa kwenye televisheni alitoka nje hata kama theluji inaanguka. Na siku moja, uzee ulipokuwa umeshaanza kumchanganya, alimwambia kwamba aliwahi kuua mtoto wa watu Afrika. "Je, ni kweli?" aliuliza huyo binti. "Sitakasirika. Nataka kujua tu."

Nilikaa na barua ile siku nne. Mke wangu akadhani nimefiwa, nami sikumkatalia. Najua wanaoandika habari za maisha yao huanza na baba, babu, na mti ambao kitovu chao kilizikwa chini yake. Mimi sitafanya hivyo. Baba yangu hahusiki na nilichokifanya, wala mama yangu. Nitaanza na bwalo la chakula, kwa sababu ndiko mchezo ulikoanzia, na nitajaribu kufuata mambo yalivyofuatana, maana nimeyasimulia ovyo kichwani mwangu kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila mara nimejipendelea.

Bwalo letu lilikuwa jengo refu la mabati nje kidogo ya mji wa Lindi, sakafu ya saruji iliyopasuka, madirisha ya wavu usiozuia nzi wala vumbi. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa maharage, jioni maharage kwa ugali wa muhogo, na Ijumaa wali na samaki kama lori limefika. Msimu wa mabibo shule nzima ilinuka mabibo, mpaka madaftari. Aliyetoka likizo na ming'oko, vile viazi vya porini, aliichemsha kwenye debe nyuma ya bweni, na marafiki zake wakaongezeka ghafla. Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha, na kila kitu kiliitwa cha kujitegemea: shamba la kujitegemea, banda la kuku la kujitegemea, na sisi wenyewe tuliiita njaa yetu njaa ya kujitegemea. Nacheka ninapoandika hivi, na kicheko chenyewe kinaniudhi, kwa sababu aliyetunga maneno hayo ni Hashimu.

Hashimu alikuwa Mmwera wa Nyangamara. Mimi ni Mngindo wa Tingi. Msomaji anayejua watu wa kusini haniulizi zaidi: tulikuwa watani, kabila kwa kabila. Toka siku ya kwanza bwenini alinyang'anya blanketi langu akisema Wangindo wamezoea kulala na majani, nami nikamwaga maji yake ya kuoga nikisema Mmwera akioga anaumwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kicheko cha kukohoa. Sikuwa na rafiki aliyenikaribia kama yeye, wala sijapata mwingine tangu hapo. Lakini kati yetu hatukuwahi kuambiana neno la rafiki hata moja, tulitukanana. Utani ulituruhusu yote, ukatunyima kitu kimoja tu, nacho ni kukasirika. Mtani akikuumiza, unacheka. Ukilia mbele yake, umeshindwa, na atakusimulia kwa wajukuu.

Mwalimu Tobi alikuja mwanzoni mwa mwaka, mmoja wa wale vijana wa kujitolea kutoka Marekani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, shingo imeiva kwa jua, Kiswahili chake kimetoka kitabuni moja kwa moja. Siku ya kwanza aliiacha meza ya walimu akaja kukaa nasi, akamwamkia kila mmoja wetu shikamoo. Hashimu akaweka tonge chini. "Mwalimu," akasema, "ukituamkia sisi, na sisi tumwamkie nani? Kuku wa kujitegemea?" Mwalimu Tobi alicheka mpaka akapaliwa na ugali, na tangu hapo akawa wetu. Alitufundisha hesabu, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana alituletea ule mpira wake, akauweka mezani, akatusimulia.

Tuliuita mpira wa yai. Ulikuwa wa ngozi ya rangi ya udongo, umechongoka pande mbili, umeshonwa kwa kamba nyeupe juu. Alitueleza kwamba karibu miaka mia moja nyuma vyuo viwili vya kwao vilikutana kwa mchezo wa kwanza, watu ishirini na watano kila upande, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa hata kukimbia na mpira mikononi. Ulikuwa kama mpira wetu tu, ila wenye fujo zaidi. Kidogo kidogo wakageuza sheria, wakabaki kumi na mmoja, wakaruhusu kuubeba, wakagawa uwanja kwa mistari. Kisha Damasi, Mmakonde kutoka kule kwao uwanda wa juu, kijana mpole wa misheni aliyelala kitanda cha tatu kutoka changu, akauliza kwa nini umbo lake ni la ajabu vile. "Zamani," akasema Mwalimu Tobi kwa furaha yake yote, "walipuliza kibofu cha nguruwe."

Mikono yote ikasimama. Mpira ulikuwa katikati ya sufuria ya maharage na bakuli la chumvi, na zaidi ya nusu yetu tulikuwa tumeshaushika. Bwalo likaondoka. Watu walikimbilia bombani, wengine wakachota udongo ili wajitwaharishe mara saba kama walivyofundishwa chuo cha Kurani, na mmoja akatapika kabisa. Damasi peke yake alibaki mezani, akala maharage ya watu wanne. Mwalimu Tobi alitufuata nje akiinua mpira juu, anakaribia kulia: "Siku hizi ni ng'ombe! Naapa, huu ni ng'ombe!" Aliyemwokoa ni Hashimu. Aliuchukua ule mpira, akaunusa kwa muda mrefu, akaugeuza, akaunusa upande wa pili, sote tukimtazama kama hakimu. "Ng'ombe," akasema. "Na alikuwa mzee." Tukarudi kula.

Tukaupenda mchezo ule kama wendawazimu. Nikijiuliza sasa, naona tuliyapenda masimulizi kuliko mchezo wenyewe. Alitwambia kwamba wachezaji wa zamani hawakuvaa kofia ngumu, walifuga nywele nyingi ili ziwakinge kichwa, nasi tukaacha kunyoa mpaka mwalimu wa zamu akatukimbiza na mkasi. Alitwambia ule mtindo wa kukusanyika duara kabla ya kucheza, vichwa pamoja, ulianzishwa na vijana wa chuo cha viziwi, waliokuwa wakisemezana kwa ishara za mikono na hawakutaka wapinzani wao, viziwi wenzao, wasome mipango yao. Jambo hilo lilimfurahisha Hashimu mno. Kwa wiki nzima alikuwa akinitukana kwa vidole.

Halafu akatusimulia kabari. Watu wanashikana mikono na mikanda, mmoja mbele na wengine nyuma yake wakitanuka, mwenye mpira katikati, na wote wanakimbia kumwelekea mtu mmoja. Alituchorea kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Alisema kabari ilivunja watu vibaya sana hata ikapigwa marufuku, lakini hata bila hiyo mchezo uliendelea kuua. Kuna msimu mmoja vijana karibu ishirini walikufa viwanjani. Rais wao, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa mchezaji, aliwaita wakubwa wa vyuo Ikulu akawaambia wausafishe mchezo. Ndipo wakaruhusu mpira urushwe mbele kwa mkono, ili watu watawanyike, wasirundikane na kupondana. "Kwa hiyo," akasema, akifuta mchoro kwa kiganja, "sisi tutacheza kwa kugusana tu. Mikono miwili mgongoni, umekamatwa. Hakuna kuangushana. Na kabari, kamwe. Mmenielewa?" Tukajibu ndiyo, Mwalimu. Nikamtazama Hashimu naye akanitazama. Kidole chake kilikuwa kinachora kwenye unga.

Shuleni si wote walioufurahia mpira ule. Siku moja nilikuwa nafyeka majani chini ya dirisha la ofisi, nikamsikia katibu wa tawi la Chama, aliyekuja kwa baiskeli kutoka mjini, akimwuliza mwalimu mkuu ni kwa nini vijana wa taifa linalojitegemea wanafundishwa michezo ya watu wanaomimina mabomu Vietnam. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema mwenye woga. "Ni mazoezi ya viungo tu, ndugu katibu," akasema. "Hawaumizani." Katibu akasema, "Siku mmoja wao akiumia, huyo kijana wako atarudi kwao, na wewe utajieleza." Niliwapelekea wenzangu maneno hayo bwenini, na ndiyo yaliyokuja kuniharibu, kwa sababu yalinipa kisingizio kizuri mapema kabisa.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, uwanja umekauka, udongo mwekundu umekuwa mgumu kama sakafu. Mwalimu Tobi alikuwa amekwenda mjini kuchukua barua zake posta, akatuachia mpira. Tulicheza kwa kugusana kidogo tukachoka. Hashimu akasimama peke yake mbele ya mstari wa upande wake, akapanua mikono. "Leteni hiyo kabari," akasema. "Wangindo hata mkiwa mia hamnigusi. Ninyi mnajua kukimbia nyani tu kwenye mihogo." Damasi akasema, "Tumekatazwa." Mimi nikasema, "Mmwera ameita mwenyewe." Tukashikana mikanda, watu saba, Damasi naye akiwamo. Mbele nilikaa mimi.

Sitaki kulipamba jambo lile. Tulikimbia kama hatua ishirini, na nakumbuka furaha, furaha tupu ya kuwa na watu sita mgongoni. Angeweza kukwepa. Mtu mwingine yeyote angekwepa. Lakini aliyekuwa anakuja mbele alikuwa mimi, mtani wake, naye akasimama palepale anacheka. Bega langu lilimpiga kifuani, akaenda chini chali, na kisogo chake kikagonga udongo kwa sauti ambayo sitaieleza. Wenzangu wakaniangukia, tukainuka tunacheka, tunajikung'uta. Yeye alibaki amelala, macho wazi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mtani, jua limezimika."

Jua lilikuwa limetuwakia utosini. Niliona kwamba neno lile si mzaha. Nilijua hapo hapo. Nikamjibu. Nilichomjibu nitakisema mahali pake. Wenzangu wote walicheka isipokuwa Damasi, na Hashimu mwenyewe, kwa kuwa aliyesema ni mtani, akacheka pia, akaushika mkono wangu, akasimama.

Jioni hakula. Alisema maharage yananuka. Asubuhi alitapika na kulalamika kichwa, na jicho moja lilikuwa limelegea. Nikamchukua mimi mwenyewe hadi zahanati, mkono wake begani kwangu, anaburuta mguu njia nzima huku akinitania kwamba Mngindo leo amepata kazi ya punda. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa nusu, nusu ya juu ikabaki bila kitu. Kulikuwa na benchi, ndoo ya maji ya dawa, na akina mama na watoto wa homa wamejaa mpaka mlangoni. Mganga alimpima joto, akamwinua kope, akanigeukia mimi. "Ameanguka huyu? Amepigwa?" Hashimu alinibana mkono. Nikasema, "Hapana, bwana mganga. Ni homa. Imemwanza juzi." Mganga alikuwa na watu arobaini nje. Akamchoma sindano ya klorokwini, tukarudi.

Nimejitetea kwa njia nyingi kuhusu sentensi ile. Nimesema nilikuwa mtoto; nilikuwa na miaka kumi na saba na ndevu za kuhesabika. Nimesema nilikuwa namlinda Mwalimu Tobi, kwa yale niliyoyasikia dirishani. Na hii ni kweli kidogo, ndiyo maana imenitumikia vizuri. Nimesema Hashimu mwenyewe alinibana mkono. Alinibana, ni kweli, lakini yeye ndiye aliyekuwa haoni sawasawa. Mimi nilikuwa naona. Jioni ya siku hiyo Damasi alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu. "Tukamwambie mwalimu mkuu," akasema. "Hata sasa hivi. Mimi nitasema nilikuwepo kwenye kabari." Nikamwambia akisema, Mwalimu Tobi anafukuzwa na sisi saba tunafukuzwa naye, na homa ya Mmwera itapoa yenyewe kesho, mbona anajitia ukuhani. Aliinuka, akarudi kitandani kwake. Hakuwahi kunisemesha tena mpaka tulipomaliza shule, na sijui aliishia wapi.

Hashimu alikufa siku ya tatu, adhuhuri, tulipokuwa kwenye hesabu. Mwanafunzi wa zamu alikuja akasimama mlangoni, na Mwalimu Tobi akaiweka chaki chini. Kila mtu alijua ni homa. Mwaka ule homa ilichukua wengi.

Tulimpeleka Nyangamara kwa lori la shule, tukikaa pembeni mwa jeneza tukilishikilia kwenye mashimo. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa mwanamke mwembamba ambaye Hashimu alikuwa mwanawe wa pekee. Tulipofika alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake, halii, anatazama magurudumu. Sasa, msibani kwetu mtani ana kazi yake. Watu wakizidiwa, yeye hujitokeza, akalizuia jeneza, akamwigiza marehemu, alivyotembea, alivyokula, alivyosema, mpaka waliofiwa wacheke wapende wasipende, na moyo upate pa kupumulia. Hashimu hakuwa na mtani mwingine pale aliyemjua kama mimi. Wazee wakaanza kunitazama. Mmoja akasema, "Mngindo, umekuja kula wali wetu bure?"

Nikasimama mbele ya jeneza. Nikamwigiza anavyonusa mpira, wakacheka. Nikamwigiza anavyonitukana kwa vidole, wakacheka zaidi. Halafu, na hili naliapia, nilitaka kusema. Kinywa hakikukubali, basi nikafanya kwa mwili. Nilipanua mikono nikasimama kama yeye, nikaita kabari ije, nikajirusha chali vumbini mbele ya watu mia mbili, nikafumbua macho, nikasema kwa sauti yake ndogo, "Mtani, jua limezimika." Nikainuka nimeshika kichwa, nikapepesuka, nikaburuta mguu njia yote ya zahanati pale uani. Niliwaonyesha kila kitu. Nikasubiri mtu aseme, mshikeni. Wakaangua kicheko. Mzee mmoja alijifuta machozi akisema, Wangindo hawa wameumbwa na shetani. Nikamtazama Bi Somoe, naye alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Kisha wakampeleka kaburini. Mimi walinipa kofia ya marehemu, kama ada ya mtani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mwalimu Tobi alikuwa amesimama nyuma, na kofia ya kuazima kichwani, na kwa kuwa hakujua utani ni nini, aliamini alichokiona. Tulipopanda lori alinishika kiwiko. "Alianguka?" akaniuliza. "Mlifanya kabari?" Nikamjibu, "Ni utani tu, Mwalimu. Ni desturi yetu." Aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

Jumatatu iliyofuata nilijipa kazi ya kufyeka majani chini ya dirisha lile lile, ambayo hakuna aliyeniagiza. Ndani walikuwemo mwalimu mkuu, yule mganga, na Mwalimu Tobi. Mwalimu Tobi alikuwa ameshawaambia kuhusu kabari, na mganga alikuwa amekasirika. "Niliuliza," alisema. "Kwa mdomo wangu niliuliza kama ameanguka. Ningejua, ningempakia siku ile ile hospitali kubwa. Pengine angekufa njiani. Pengine asingekufa." Mwalimu mkuu akauliza ni kijana gani aliyempeleka. Mganga akasema vijana wote wa sare wanafanana. Nikawa nimelisimamisha kwanja la kufyekea. Kisha Mwalimu Tobi akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kitabu, polepole: "Msiwatafute vijana. Mimi niliwakataza, lakini kwanza niliwasimulia. Niliwachorea mezani. Kosa ni langu." Mwalimu mkuu akasema, "Basi utaandika hivyo." Nilisikia karatasi ikivutwa. Ningeweza kuingia. Mlango ulikuwa wazi, hatua kumi kutoka nilipokuwa. Nikaendelea kufyeka mpaka nikafika kwenye udongo mtupu.

Alichukuliwa na Landrova kabla wiki haijaisha. Alitupitia bwaloni, akatupa mkono mmoja mmoja. Mimi alinishika kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumpeleka Hashimu zahanati. Mpira ulikatwa kwa kisu mbele ya gwaride, na mwalimu mkuu akatusomea hotuba kuhusu michezo ya kigeni. Mimi nilimaliza shule vizuri. Nilifanya kazi serikalini hadi nikastaafu, nikazika watu wengi, nikatania misiba mingi, nikasifiwa kwa hilo kutoka Kilwa hadi Nachingwea.

Siku ya tano baada ya barua nilipanda gari nikaenda Nyangamara. Nilikuwa nimesikia Bi Somoe yu hai, na nilikuwa nimefanya kila jitihada, miaka yote, nisiwe na safari ya kule. Nilimkuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mpwa wake, amekaa kitandani, macho yamefunikwa na utando, mikono inamenya karanga bila kuziangalia. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni nani. "Marahaba, mtani," akasema, na uso ukamchangamka. "Umekuja kunizika? Umewahi. Subiri kwanza nimalize karanga."

Nikamwambia nina maneno si ya utani. Nikamsomea barua, naifasiri. Kisha nikamwambia: kabari, uwanja, mganga aliyeuliza, nilivyomjibu. Niliongea nikitazama maganda ya karanga sakafuni. Nilipomaliza akauliza, "Na ile ya uani, mbele ya jeneza? Kule kuanguka?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Sikuongeza kitu."

Mikono yake ilisimama. "Kwa hiyo mimi nilikichekea kifo cha mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Nawe ukanitazama nikicheka."

"Ndiyo."

Nje mpwa wake alikuwa anatwanga. Bi Somoe akauliza, "Alipokwambia jua limezimika, ulimjibuje?"

Nilidhani nitaweza kuondoka bila hilo. Nilimwambia hayana maana, ni maneno ya watoto. Akasema, "Yaseme." Nikayasema, hapo, mzee wa miaka sabini, mbele ya mama yake: "Nilimwambia, kamwite mama yako alipulize, si ndiyo kazi yake, kupuliza moto wa mihogo mibovu. Nikamwambia, inuka, Mmwera, unajilaza kama maiti na sanda hatujakununulia."

Nilingoja anitukane, nikamwomba Mungu anitukane, kwa sababu matusi ya mtani nayajua kuyabeba. Hakunitukana. Akasema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto aliyekosea kusoma, "Huo haukuwa utani, baba."

Nikasema, "Najua."

"Na huyo binti anataka nini?"

"Anauliza kama baba yake aliua mtoto wa watu."

Akazirudia karanga zake, akamenya moja, ya pili. "Mwandikie hapana," akasema. "Kisha mwandikie ni nani." Akanigeuzia mgongo, akajilaza, akajifunika kanga mpaka kichwani, nami nikatoka bila kuagwa.

Ruthi, baba yako hakuua mtu. Mimi naitwa Athumani Saidi Mbonde, wa Tingi.